Mama Pasi Aenda Ng'ambo kwa Ajili ya Mayai Viza

"Shangazi, huko ng'ambo umeona nini ambacho hapa kwetu hakipo?"

Nilikuwa darasa la tatu, na nilimuuliza hivyo mlangoni, hata sanduku hajalitua. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za ndege wenye vichwa viwili, au walau mmoja anayevuta sigara. Shangazi akanitazama, akamtazama mumewe, akaangalia dari kama mtu aliyeulizwa hesabu za sehemu, kisha akasema, "Mwanangu, niletee maji ya kunywa." Nikaleta. Akanywa bilauri nzima, akaenda kulala na viatu miguuni. Jibu halikuja siku hiyo, wala mwaka ule. Nikahamia sekondari, jibu bado liko njiani.

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Anapiga pasi kwenye duka la dobi lililo nyuma ya benki, chumba chenye mvuke mwingi hata vioo vya dirisha hutokwa jasho. Mashati yaliyonyooshwa hutundikwa ukutani kwa foleni, mikono chini, kama wanafunzi wanaosubiri adhabu. Shangazi hupita mbele yao akiwakagua, na ole wake shati lenye mkunjo. "Mkunjo ni uvivu uliolala," husema, kisha anauamsha kwa mvuke.

Mfukoni mwa aproni yake hakikosekani kipande cha mshumaa. Pasi ikianza kukwama, huipaka nta chini, huifuta kwa kitambaa, na kuanzia hapo pasi huteleza juu ya nguo kama mwongo mwenye mazoezi. Hiyo ndiyo siri ya kazi, na yeye haifichi. Anayetaka mshumaa humpa.

Mumewe ni seremala, na ugonjwa wao ni mmoja: hawawezi kuona kitu kinachokwaruza wakanyamaza. Mume hupiga msasa, mke hupaka nta. Sufuria na mfuniko wake. Viti vya sebuleni kwao vinateleza mno, mgeni akijisahau hujikuta chini ya meza. Waliowazoea huketi wakiwa wameshika kitu.

Sasa, watu hawa wawili walikuwa na kasuku wawili wa kijivu wenye mikia myekundu, Bwana na Bibi. Seremala aliwajengea tundu kwenye baraza ya nyuma, refu kuliko yeye mwenyewe, lenye mlango wa bawaba na ufito wa kutulia uliopigwa msasa mpaka ukang'aa kama kioo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Shangazi aliufuta ufito ule kwa kitambaa, kisha akaupaka mshumaa, ili kinyesi kisigande. Ndege wa mtu msafi nao huwa wasafi.

Kasuku wenyewe walijua kusema. Bwana aliiga mvuke wa pasi, "Shhhhh!" halafu akauliza kwa sauti ya seremala, "Msasa uko wapi?" Bibi alikuwa na neno moja tu, na alilitumia kwa kila mtu, hata kwa msoma mita za umeme: "Kola kwanza!"

Walipendana, hakuna aliyebisha. Jioni Bwana alimlisha Bibi mdomo kwa mdomo, akamchana shingo, akamwimbia "Shhhhh" ya polepole. Halafu akampanda mgongoni, kama ndege wafanyavyo, na hapo ndipo familia nzima ilipovuta viti. Maana kila alipopanda, Bwana aliyumba kidogo, akapiga mabawa, akashika hewa, kisha parakacha! mpaka chini ya tundu. Bibi alibaki juu akimwangalia kwa jicho la mke aliyeambiwa na mumewe kwamba redio ataitengeneza mwenyewe.

"Mapenzi yamempanda kichwani!" mama yangu alikuwa akisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mwacheni, huo ni mchezo wao," Shangazi alisema. Na yeye akacheka, akachukua simu akarekodi. Tulikuwa na video hiyo sote. Ilipigwa kwenye harusi moja badala ya hotuba.

Bibi alitaga kila msimu. Aliatamia kwa moyo wote, Bwana akimletea chakula, Shangazi akitembea kwa ncha za vidole nyumbani kwake kama mwizi. Na kila msimu mayai yalikuwa viza. Misimu ikapita, mtaa ukachoka kuuliza, "Mama Pasi, vifaranga bado?" Ila watu wa duka la dobi hawakuchoka.

Chama cha wafuga ndege nacho hakikuchoka. Chama hicho kilikuwa na kanuni: jozi ikipitisha misimu mitatu bila kuangua, inatenganishwa, na jike linapewa mwanachama mwenye dume lililokwisha kuangua. Kanuni haikuwa mbaya. Kasuku ni wachache, na chama kilitaka wazidi. Ubaya ni kwamba mwenye dume la namna hiyo, tena dume lililofiwa na jike lake, alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa na duka la dawa, suti tatu, na sauti ya mtu anayesoma taarifa hata akiagiza chai. Alikuja siku moja, akashika nguzo ya baraza (viti alivijua), akawatazama kasuku kwa muda mrefu.

"Mama Pasi, pole, lakini kweli isemwe. Hao ni mabibi wawili. Wamepanga chumba kimoja tu."

"Mwenyekiti, wewe unauza dawa za kikohozi. Ya chumbani kwa Bwana umeambiwa na nani?"

"Dume gani linaanguka kila siku?"

"La kwangu."

"Shhhhh!" Bwana akasema.

"Nimekupa misimu zaidi ya kanuni, kwa heshima yako," mwenyekiti akasema. "Msimu huu ukiisha, nitakuja na tundu dogo kumchukua Bibi. Atapata mume anayesimama."

Shangazi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alipiga pasi akiwaza, akaunguza shati la meneja wa benki, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu benki ijengwe. Kumtoa Bibi! Nani angemwambia kola kwanza? Na Bwana angebaki anamuuliza nani msasa uko wapi?

Ndipo ukaja mwaliko. Wafuga ndege wa ng'ambo waliomba wanachama wawili waende kutembelea mabustani yao ya ndege. Mwenyekiti alijichagua kabla barua haijasomwa yote. Nafasi ya pili ilipigiwa kura, na Shangazi akapita bila kupingwa, kwa sababu ndiye aliyewanyooshea wanachama wote sare za maonyesho, na hakuna aliyetaka kuvaa sare yenye mikunjo mwaka ujao. Yeye hakwenda kutembea. Alikuwa amesikia kwamba huko kuna bibi mmoja mzee aliyeangua kasuku wengi kuliko kuku wa mtaa wetu. Alitaka amwonyeshe video, aulize swali moja: hawa ni mke na mume, au si mke na mume? Akijibiwa ndiyo na mtu huyo, hakuna mwanachama ambaye angethubutu kumgusa Bibi.

Bustani ya kwanza ilifunikwa kwa wavu mkubwa, miti yote ikiwa ndani, na ndani yake kasuku wadogo wa rangi zote, wengine wakiwa na rangi zote kwa mpigo. Mgeni alipewa kikombe cha maji matamu ashike, ndege waje kunywa. Shangazi alikinyoosha mbele kwa mkono mmoja, kwa adabu. Mwenyekiti alikiinua kichwani, apigwe picha. Ndege wakamjia kama wananchi kwenye mgawo. Walimkaa mabegani, masikioni, mmoja akaingia kwenye mfuko wa koti na hakutaka kutoka. Waliposhiba wakaondoka, na suti ikabaki kama ramani ya dunia.

"Hiyo haitoki kwa sabuni ya kawaida," Shangazi akamwambia.

"Sijakuuliza."

"Nakwambia mapema. Ikikauka imekula kwako."

Mfanyakazi wa bustani aliyewatembeza alionyeshwa video ya Bwana. Alicheka mpaka akaegemea wavu. Akawaita wenzake, nao wakacheka. Mtu mmoja aliyekuwa akiwalisha heroe, wale ndege warefu wa waridi, aliiga namna Bwana anavyoshika hewa, na heroe wawili wakakimbia. Shangazi naye akacheka, maana video ile haizoeleki. Lakini alipouliza swali lake, wakamwinulia mabega.

Wakaenda kwa mfuga chiriku, mzee mnene aliyewafundisha ndege wake kuimba kwa zamu. Video ikatolewa. Mzee akacheka hadi chiriku wakanyamaza kwa wivu. Akamwita mkewe. Mkewe akamwita jirani. Jirani akaomba atumiwe. Kuhusu swali, mzee alisema kitu, na mwenyekiti, aliyekuwa anajua lugha yao kidogo na kujifanya anaijua yote, akatafsiri: "Anasema si fani yake."

Siku ya mwisho ndipo walipofika kwa yule bibi mzee. Aliishi mwisho wa barabara ya kokoto, nyuma ya geti lenye kengele, mwanamke mdogo mkavu mwenye nywele zilizokaa kama kiota kilichoachwa. Hapa kulikuwa na sheria ambayo wafuga ndege wote wa kweli wanaijua: magonjwa ya ndege husafiri kwa nguo na viatu. Aliyetoka kwa ndege wengine haingii. Anaacha nguo zake getini, anaoga kwenye kibanda, anavaa ovaroli na buti za nyumba hiyo, na buti zinakanyaga trei ya dawa. Hata simu ya Shangazi ilifutwa kwa spiriti.

Kuoga hakukuwa na shida. Shida ilikuwa ovaroli. Zilitolewa ndani ya pipa, zimekunjamana kama zimetafunwa na mbuzi akazitema. Shangazi aliinua ya kwake kwa vidole viwili.

"Hii sivai."

"Mama Pasi, vaa twende," mwenyekiti akasema kutoka nyuma ya mlango, akiwa na taulo tu.

"Niingie kwa watu hivi? Hata kasuku wana macho."

Akatoka nje amejifunga shuka, akamsogelea bibi mzee, akapitisha ngumi hewani mbele na nyuma, akisema "Shhhhh." Bibi mzee akaelewa papo hapo. Akaleta pasi, chuma kikuukuu kilichochoka, na Shangazi alipoijaribu ikakwama. Dirishani palikuwa na mshumaa wa kungojea umeme ukatike. Shangazi akauomba kwa jicho, akapewa, akaipaka pasi nta, akaifuta, na hapo kazi ikaanza. Kola kwanza. Halafu mabega, halafu mikono. Alipomaliza ya kwake akanyoosha ya mwenyekiti, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi na hasira. Bibi mzee alisimama akiangalia mshumaa, pasi na ovaroli, na ovaroli zile hazikuwahi kuwa na hadhi namna hiyo tangu zishonwe.

Wakaingia. Kasuku walikuwa wengi, na kelele zao zilikuwa kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Shangazi hakuangalia kushoto wala kulia. Alifungua simu, akaweka video mezani, akangoja kicheko.

Kicheko hakikuja.

Bibi mzee alimwangalia Bwana akipanda, akiyumba, akishika hewa, akianguka parakacha. Mwenyekiti akacheka kidogo, akaona yuko peke yake, akakohoa. Bibi mzee akairudisha mwanzo. Akaangalia tena, mdomo umefungwa. Akairudisha tena. Mara ya tatu akaisimamisha pale Bwana anapoyumba, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka Bwana akatoka kwenye kioo, Bibi akatoka, ukabaki ufito peke yake, unang'aa.

Akainua kichwa. Akautazama mshumaa, ambao Shangazi alikuwa bado ameushika. Akamtazama Shangazi.

Kisha akasema maneno mengi kwa haraka. Alipoona hayafiki, akanyamaza na kutumia njia nyingine. Alichukua ufagio, akalaza mpini juu ya matofali mawili sakafuni. Akaupaka mshumaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaufuta kwa kitambaa. Halafu akamshika mwenyekiti mkono, akamwonyesha apande.

"Mimi?" mwenyekiti akauliza.

Bibi mzee akapiga makofi, kama mtu anayehimiza punda.

Mwenyekiti akaweka buti moja. Akaweka la pili. Akayumba kidogo, akapiga mikono, akashika hewa, kisha parakacha! akaketi kwenye trei ya dawa ya buti iliyokuwa mlangoni, miguu juu.

Bibi mzee hakumsaidia kuinuka. Alikuwa ameshaleta tawi la mti lenye gome lake, linakwaruza kotekote, akaliweka juu ya matofali yale yale, akapanda mwenyewe na umri wake wote, akasimama wima, mikono kiunoni. Akaruka ruka. Tawi halikumwacha.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza, macho kwenye mpini wa ufagio.

Mwenyekiti, akiwa bado chini, kitako kwenye dawa, akakusanya sauti yake ya taarifa. "Anasema... ni mabibi wawili."

"Mwenyekiti," Shangazi akasema, "lugha yake mimi siijui. Lakini kuteleza nakujua, na wewe umeteleza mbele yangu sasa hivi. Inuka, unaloweka ovaroli niliyoinyoosha."

Safari ya kurudi walikaa viti vya jirani bila kusemezana. Kila mmoja alikuwa ameshika siri ya mwenzake. Mmoja alikuwa ametafsiri uongo mchana kweupe. Mwingine alikuwa amempaka mume wa watu nta chini ya miguu, kila asubuhi, kwa miaka, kisha akavuta kiti akae amcheke.

Ndiyo maana aliomba maji ya kunywa.

Usiku ule alimwambia mumewe, na kesho yake seremala akaenda kutafuta tawi. Alilileta amelifunika kwa gunia, kama mtu aliyenunua kitu cha aibu.

"Acha nipitishe msasa kidogo tu," akaomba. "Hapa kwenye kifundo."

"Usiguse."

"Watu watasema nimeishiwa msasa!"

"Waseme. Na mimi nimeishiwa mshumaa."

Sisi wengine hatukuambiwa kitu. Tulichoona ni tawi baya limeingia kwenye tundu zuri, tukafikiri ndiyo mitindo ya ng'ambo. Mwenyekiti alikuja siku aliyoahidi, na tundu dogo lenye pazia mkononi, akashika nguzo yake. Shangazi alisimama mbele ya mlango wa tundu la kasuku, ameukumbatia ubao wa kupigia pasi. Sijui alitaka kuutumia vipi, lakini alikuwa tayari.

"Mama Pasi, kanuni ni kanuni."

"Kaa kwanza, Mwenyekiti. Jioni imefika."

Tukavuta viti kama kawaida. Bwana akamlisha Bibi. Akamchana shingo. Akamwimbia. Akapanda. Sote tukavuta pumzi ya kucheka.

Hakuanguka.

Alisimama. Akaendelea kusimama. Hatukujua tuangalie wapi. Seremala akaanza kukagua kucha zake. Mama akanifunika macho kwa mkono uliokuwa na vitunguu.

"Kola kwanza!" Bibi akasema.

Mwenyekiti alitazama pazia la tundu lake dogo, akalinyoosha, akalikunja. "Tungoje mayai," akasema, akaondoka kwa upole ambao hatukuwahi kuuona. Na mayai yalipokuja, katika matatu mawili yakaanguliwa. Vifaranga walikuwa wabaya kama vidole gumba vilivyopigwa na baridi, na Shangazi aliwaonyesha mtaa mzima kama pete. Chama kizima kilikuja kuuliza amefanyaje. "Nilikwenda ng'ambo," alijibu, akafunga mdomo. Nusu ya wanachama wakaanza kutafuta pasipoti. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuwaambia kwamba ng'ambo kuna siri ambazo hazitafsiriki.

Mwezi uliopita, likizo, nilikuwa namsaidia Shangazi kukunja mashuka ya hoteli, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. Niko kidato cha tatu sasa. Nikamuuliza tena lile swali, kwa maneno yale yale, nikitegemea kutumwa maji.

Alisimama na shuka mkononi. Akaanza kucheka peke yake mpaka akajifuta macho na ncha ya shuka, akalitupa kwenye kapu lifuliwe upya, akanihadithia yote haya bila kuruka kitu, hata lile la kitako kwenye trei. Halafu akavuta shuka jingine, akanipa ncha zangu.

"Ulitaka kujua niliona nini ambacho hapa kwetu hakikuwepo," akasema. "Niliona mtu anamwangalia Bwana akianguka, na hacheki. Hapa hakuwepo, mwanangu. Hata mimi niliyempenda, nilikuwa nacheka tu."